Siku mbili kwenye kongamano la wataalamu wa ajira Nairobi: nirudi na nini ofisini?

Afisa_Ajira_Pugu

Habari zenu wadau. Kampuni yetu ni ya usafirishaji wa mizigo hapa Dar es Salaam, wafanyakazi kama 300, wengi wao madereva wa malori, mafundi na makarani wa ghala. Idara ya rasilimali watu ina watu watatu na ajira zote zinapita mezani kwangu. Mwezi ujao natumwa Nairobi kwenye kongamano la siku mbili la wataalamu wa kuajiri. Asubuhi kuna mada za ukumbi mkubwa, mchana vikao vidogo, na muda wote kuna ukumbi wa mabanda ya wauza programu na mawakala wa ajira.

Ofisi inalipa kila kitu, na hii ndiyo mara ya kwanza kumpeleka mtu. Mkurugenzi anataka taarifa ya kurasa mbili nikirudi, na swali lake ni moja: imetusaidia nini?

Ratiba ina vikao zaidi ya 30 na vingi vinagongana. Naomba wenye uzoefu wa fani hii mnielekeze: nichague vikao kwa kigezo gani, mabandani niulize nini, na nirudi na kitu gani ambacho kitaonekana kwenye ajira zetu? Habari za mavazi na kujiamini nimesoma za kutosha, nahitaji mambo ya kazi yenyewe.

Mzani_wa_Usaili

Mkuu, sehemu kubwa ya kongamano unaifanyia hapo ofisini kabla ya safari. Ukienda bila takwimu zako, kila mtoa mada utamwona yuko sahihi, kwa sababu huna cha kumpimia.

Chukua ajira zote za miezi 12 iliyopita, uzipange kwenye Excel, kila nafasi mstari wake. Andika tarehe sita: dokezo la kuomba mtu liliidhinishwa lini, tangazo lilitoka lini, orodha fupi ilikamilika lini, usaili wa mwisho ulikuwa lini, barua ya ofa ilisainiwa lini, na mtu aliripoti lini. Halafu toa tarehe moja kwenye nyingine upate siku za kila hatua. Kwa kila hatua tumia namba ya katikati baada ya kuzipanga kutoka ndogo hadi kubwa, usitumie wastani. Nafasi moja iliyokaa miezi saba inaharibu wastani wa nyingine zote.

Mara nyingi jedwali hilo linaonyesha kwamba siku zinapotea mahali ambapo hakuna programu itakayokusaidia: dokezo limelala kwa mtu wa fedha, au jopo la usaili halipati siku ya kukutana. Na kuna siku ambazo ni za kisheria. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku zisizopungua 28. Kwa hiyo ukimchukua mtu aliyeko kazini kwingine, mwezi mzima karibu unakwenda hata kama ofa ilitoka siku ileile ya usaili. Kenya nayo ni siku 28 kwa sheria yao ya ajira ya 2007. Marekani, desturi ni wiki mbili, na mara nyingi sheria haimlazimishi hata hizo. Mtoa mada akikuonyesha namba ya kampuni ya Marekani, muulize mambo mawili: saa ilianza kuhesabiwa siku gani, na ilisimama ofa iliposainiwa au mtu aliporipoti? Hapo ndipo namba nyingi nzuri zinapoyeyuka.

Kisha gharama ya ajira moja. Kanuni yake ni gharama za ndani jumlisha za nje, gawa kwa idadi ya walioajiriwa. Za nje kila mtu anazikumbuka, za ndani zinasahauliwa, hasa muda wa wanajopo. Chukua mfano wa nafasi 24 kwa mwaka. Matangazo sh 4,800,000. Wakala sh 9,000,000. Vipimo vya afya sh 60,000 kwa kila mtu, jumla 1,440,000. Jopo la watu watatu, saa sita kwa kila nafasi, ni saa 432. Ukiweka sh 15,000 kwa saa ni 6,480,000. Jumla yote 21,720,000, gawa kwa 24 unapata 905,000. Sasa kama safari yako inagharimu 2,700,000, unajua unachotafuta Nairobi: jambo litakaloshusha gharama ya ajira moja kwa kama 115,000 tu, na safari imejilipa ndani ya mwaka. Hesabu hiyo iwe aya ya kwanza ya taarifa yako, ukiwa na namba zako halisi.

Ukishaona hatua inayokuumiza zaidi, chagua maswali mawili, yasizidi matatu, ndipo ufungue ratiba. Kikao kinachotaja hatua moja ya kuajiri, njia iliyotumika na matokeo yake, kiwekee alama. Kinachoahidi mustakabali wa kazi barani Afrika kiache, hata kama kiko ukumbi mkubwa. Mjadala wa watu wanne kwa dakika 45 una mambo machache sana: ukiondoa utambulisho na maswali, kila mmoja anabaki na dakika saba au nane. Warsha ya mtu mmoja yenye karatasi za mazoezi ina thamani mara nyingi zaidi. Angalia pia orodha ya wafadhili. Jina la kampuni ya mtoa mada likiwa hapo, jua kwamba umekaa kwenye tangazo. Kaa ukipenda, lakini ulisikilize kama tangazo.

Kama kuna kikao cha usaili wenye mpangilio maalumu, hicho usikikose kwa lolote. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walichapisha mapitio mapya ya tafiti za miaka mingi kuhusu nini kinabashiri utendaji kazini. Kipimo chao kinaanza 0, maana yake hakuna uhusiano wowote, hadi 1. Usaili wenye mpangilio ulipata 0.42, wa juu kuliko njia zote walizolinganisha. Mtihani wa ujuzi wa kazi husika 0.40. Kumfanyisha mtu kipande cha kazi yenyewe 0.33. Usaili wa kuongea tu, kila mwombaji na maswali yake, 0.19. Miaka ya uzoefu, kile kigezo tunachokiweka mstari wa kwanza wa kila tangazo, 0.07.

Mpangilio wenyewe si mgumu, lakini watu huuvunja katikati. Maswali sita yanayotokana na kazi yenyewe, waombaji wote wanaulizwa yaleyale kwa mfuatano uleule. Kwa kila swali mnaandika kabla ya usaili jibu la alama 1 linafananaje, la 3 na la 5. Kila mwanajopo anaweka alama zake peke yake na kukabidhi karatasi kabla ya mtu yeyote kutoa maoni. Dakika saba kwa swali ni 42, ongeza tano za kumkaribisha na nane za maswali yake, unamaliza ndani ya saa moja. Kinachoharibu ni pale bosi anapoanza na "huyu mimi nimempenda" wakati karatasi bado ziko mikononi. Baada ya hapo alama zote zinamfuata yeye.

Dokezo_na_Risiti

Naongeza la upande wa fedha, maana hapo ndipo safari nzuri inapoishia kwenye makato ya mshahara.

Omba ankara ya profoma kutoka kwa waandaaji mapema ili ofisi ilipe ada moja kwa moja, usibebe ada ndani ya masurufu. Ukirudi mhasibu atadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kama kawaida yake, na Kenya haipo. Wao wana ankara za mfumo wao wa kodi, eTIMS. Mwambie kabla hujaondoka, mkubaliane kwa maandishi kwamba ankara ya hoteli ya eTIMS inatosha. Kila malipo ya shilingi ya Kenya andika kiwango cha kubadilishia cha siku hiyohiyo, na uchapishe ukurasa wa viwango vya Benki Kuu wa tarehe hiyo uambatishe. Teksi ndizo zinazoleta ugomvi: tumia za kuita kwa simu, risiti inabaki kwenye barua pepe. Tunza kipande cha tiketi ya kupandia ndege au tiketi ya basi, na cheti cha kuhudhuria. Rejesha masurufu ndani ya muda uliowekwa na kanuni za fedha za kampuni yenu, ukiwa bado unakumbuka kila shilingi.

Mahojiano_254

Karibu Nairobi ndugu. Nitaongea kuhusu mabanda na mawakala kwa sababu ndiyo sehemu ambayo mgeni anachoka haraka na kurudi na mfuko wa kalamu na vipeperushi.

Kabla hujaongea na yeyote, pita ukumbi wote mara moja bila kusimama, dakika 20 hivi, uandike mabanda matano tu yanayogusa yale maswali yako mawili au matatu. Rudi kwa hayo matano saa ambayo watu wako ndani ya vikao. Wakati wa chai msimamizi wa banda anaongea na watu kumi kwa pamoja na huwezi kupata jibu la maana.

Kwa wakala wa ajira, swali la kwanza ni nani anayelipa. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema kwenye kifungu cha 7 kwamba wakala binafsi hatakiwi kumtoza mtafuta kazi ada, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kuzunguka ndiko kwenye taabu: ada ya fomu, ada ya mafunzo ya lazima, ada ya kipimo cha afya kwenye kliniki waliyoichagua wao. Uliza hayo matatu moja moja kwa jina. Wengi wa mawakala utakaokutana nao hapa wanapeleka watu nchi za Ghuba, na kampuni inayoendesha biashara ya ndani kwa tabia hizohizo itakuletea madereva walioingia kwako wakiwa na deni. Dereva mwenye deni la kulipia kazi anaweza kuishia kuuza dizeli ya gari lako. Wakala wa Kenya lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA, na orodha yao iko wazi mtandaoni; itafute kwa simu ukiwa umesimama palepale bandani. Kama wanataka kukuletea watu Tanzania, waulize wana leseni ya kwenu ya uwakala binafsi wa ajira, na waonyeshe nakala.

Swali la pili ni malipo na dhamana. Wengine wanatoza mshahara wa mwezi mmoja wa aliyeajiriwa, ambao ni asilimia 8.33 ya mshahara wa mwaka. Wengine wanataja asilimia kubwa zaidi. Uliza asilimia hiyo ni ya mshahara wa msingi au pamoja na marupurupu, kwa sababu kwa dereva wa masafa marefu posho za safari zinaweza kuwa sehemu kubwa ya kipato. Dhamana ya kukubadilishia mtu mara nyingi ni miezi mitatu. Kwenu Tanzania, kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki inaanza mtu akifikisha miezi sita kwa mwajiri, kwa hiyo omba dhamana ifike miezi sita ili iende sambamba na muda wako wa majaribio. Ukiomba kabla ya kusaini wengi wanakubali. Ukishasaini mlango umefungwa.

La tatu ni taarifa za watu. Kila banda litataka kuskani beji yako. Ukiwaruhusu, umewapa namba, barua pepe, cheo na jina la kampuni, na wiki inayofuata simu haitapumzika. Una haki ya kusema hapana na ukaomba kadi yao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Kamishna wake, nyinyi mna ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Na sheria hizo zinakubana wewe pia: usibebe kwenye kompyuta faili la waombaji wenu lenye majina ili umwonyeshe mtu mfano. Hata kama ni kumsaidia mwenzako wa fani, mwombaji hakukupa CV yake uitembeze Nairobi.

Kadi unazopokea, andika nyuma yake papo hapo mlichoongea na ulichoahidi. Ndani ya siku mbili tuma ujumbe mfupi wenye jambo moja, kwa mfano: "Habari dada, tuliongea jana karibu na banda la usajili kuhusu fomu yenu ya alama kwa mafundi wa magari makubwa. Uliniahidi nakala tupu. Nami nakutumia jedwali letu la tarehe sita kama tulivyokubaliana." Ujumbe wa namna hiyo hujibiwa. Ule wa "nimefurahi kukufahamu" hauna cha kujibiwa.

Afisa_Ajira_Pugu

Nashukuru sana wakuu, jedwali nimeshaanza na tayari naona dokezo linakaa siku 19 kwa fedha.

Swali jingine. Kwenye orodha ya mabanda karibu nusu ni programu za kuchuja CV kwa akili mnemba. Mkurugenzi ameshavutiwa, kwa nafasi moja ya karani tunapokea CV hata 600. Nitazipimaje pale bandani, na kwa madereva zinafaa?

Mchuja_CV

Zinapimika, na huhitaji kuwa mtu wa kompyuta. Tayarisha CV 20 za zamani ambazo tayari unajua nani alifaa kazini na nani hakufaa. Futa majina, namba za simu, picha, anwani na wadhamini, weka A1 hadi A20. Zichanganye kwa makusudi: tano ziwe Word, tano PDF ya kawaida, nne zilizopigwa picha kwa simu, tatu zenye safu mbili kwenye ukurasa, tatu za Kiswahili. Weka kwenye flashi. Bandani usikubali onyesho la CV zao, zimechaguliwa zipendeze. Omba waziingize zako ukiwa unatazama.

Tazama yafuatayo. CV iliyopigwa picha haina maandishi ndani yake, ni picha tu. Programu isiyosoma picha itairudisha tupu na kuipa sifuri, na huyo mwombaji hatajua kamwe kwamba hakusomwa. Safu mbili zinaweza kusomwa kwa mstari mmoja kuvuka ukurasa, kwa hiyo jina la shule linaunganishwa na mwaka wa kazi. Halafu ngazi za elimu yetu. Programu iliyotengenezwa nje inajua shahada na stashahada kwa majina ya kwao. NTA Level 6, ambayo ni stashahada yetu, haiijui, cheti cha ufundi stadi cha VETA haikijui, na Grade I ya majaribio ya ufundi ya zamani inaweza kuisoma kama darasa la kwanza. Fundi wako bora wa injini anaanguka hapo. Muulize muuzaji: naweza mwenyewe kuingiza ngazi hizi na uzito wake, au lazima niwaombe ninyi, na kwa gharama gani?

Baada ya kusoma, omba ipange A1 hadi A20 na ieleze kwa nini A7 iko juu ya A12. Jibu likiwa "mfumo umejifunza wenyewe", hapo kuna hatari ya kweli. Mwaka 2018 Reuters iliripoti kwamba Amazon iliachana na mfumo wake wa kuchuja CV uliojifunza kutoka CV za miaka kumi, nyingi za wanaume. Ukaanza kuzishusha CV zenye neno la Kiingereza la "wanawake", kama lile la klabu ya wanawake. Ukiulisha ajira zenu za miaka iliyopita kwenye fani ya malori, utajifunza jambo hilohilo. Mwaka 2021 HireVue, wanaouza usaili wa video, walitangaza kwamba wameacha kuchambua sura ya mwombaji. Akikutokea muuzaji ambaye bado anauza alama ya "kujiamini" kutoka usoni, mwulize ushahidi wa kisayansi uko wapi, kisha endelea na safari yako.

Hesabu moja ya haraka ya upendeleo unaweza kuifanya kwenye karatasi. Wanawake 40 waliomba, kumi wakachaguliwa: asilimia 25. Wanaume 60, wakachaguliwa 30: asilimia 50. Gawa 25 kwa 50 unapata 0.5. Mwongozo wa Marekani wa 1978 unachukulia chini ya 0.8 kama dalili ya tatizo linalopaswa kuchunguzwa. Si sheria kwetu, lakini kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakataza ubaguzi na kinamhesabu mwombaji wa kazi pia, kwa hiyo ukiulizwa siku moja ni vizuri uwe na hesabu hiyo. Jiji la New York tangu Julai 2023 linamtaka mwajiri anayetumia mifumo ya aina hii iwe imekaguliwa upendeleo, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2024 inaweka mifumo ya kuajiri kwenye kundi la hatari kubwa. Muuzaji anayeuza huko anajua mambo haya, hivyo mwombe ripoti ya ukaguzi. Na sheria ya Kenya, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Kwa hiyo uliza kitufe cha kumrudisha mwombaji aliyekataliwa kiko wapi, na nani anaonekana kwenye kumbukumbu kama ndiye aliyeamua.

Bei: uliza kwa mtumiaji au kwa nafasi, kwa mwezi au kwa mwaka, na kwa sarafu gani. Bei ya dola 40 kwa mwezi inaweza kutozwa ya mwaka mzima mbele. Uliza data zinakaa nchi gani, maana sheria yetu ya 2022 ina masharti ya kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi. Na uliza tukiachana tunaondoka na data zetu kwa mfumo gani wa faili, ndani ya siku ngapi. Wakisita hapo, usiende mbele.

Kuhusu CV 600 za karani: kabla ya kununua chochote, jaribu fomu ya mtandaoni ya bure yenye maswali matano ya ndiyo au hapana yanayotokana na kazi (una cheti fulani, uko tayari kwa zamu ya usiku, na kadhalika) na ambatisho moja. Mchujo mkubwa unakwisha hapo. Kwa madereva jibu langu ni hapana. Dereva mzuri ana CV ya nusu ukurasa iliyochapwa na kijana wa stesheneri, na huyo kijana ndiye utakayekuwa unamchuja.

Mkeka_wa_Chai

Naomba kutofautiana kidogo na Mzani kuhusu vikao. Mada nyingi waandaaji hutuma slaidi zake baadaye. Mazungumzo ya mapumziko hayatumwi. Kati ya siku mbili, mimi ningemshauri aingie vikao vinne, basi, na muda uliobaki awatafute watu watatu wa fani ileile: usafirishaji, migodi, viwanda. Waandaaji wakiweka meza za majadiliano huru, ambapo washiriki wenyewe wanapanga mada, akae meza ya ajira za madereva na mafundi, na isipokuwepo aiombe asubuhi ya kwanza. Swali lake liwe dogo na la kazi: "mnampimaje dereva kabla ya kumpa gari?" Mtu akiulizwa hivyo anafungua simu anakuonyesha fomu yake.

Mzani_wa_Usaili

Nakubaliana kwenye hilo la meza, vikao vinne vinatosha. Ila warsha ya usaili iwe kimojawapo.

Afisa_Ajira_Pugu

Hilo swali la madereva ndilo linaloniumiza. Wengi wanaendesha vizuri sana lakini ukiwaweka mbele ya jopo hawaongei, na anayeongea vizuri ndiye anayeangusha gari. Nataka jaribio moja niliandike kwenye taarifa kama kitu tutakachofanya ndani ya siku 90.

Mzani_wa_Usaili

Basi taarifa yako umeshaipata. Ukurasa wa kwanza: jedwali lako, hatua inayoumiza, gharama ya ajira moja. Ukurasa wa pili: jaribio moja, nafasi moja, siku 90, na namba mbili za kuangalia. Usiandike mada zote ulizosikia, hakuna atakayezisoma.

Jaribio liwe kipande cha kazi, uwanjani kwenu, kabla ya mahojiano ya mdomo. Kwanza hakiki leseni kwa TRA, Mamlaka ya Mapato, wanaoitoa, daraja na tarehe, mtu asishike ufunguo kabla ya hapo. Waulize pia bima wenu kama gari linalindwa likiendeshwa na asiye mwajiriwa, hata ndani ya uzio. Gari lilelile na sehemu ileile kwa waombaji wote. Asubuhi na jioni jua linabadilisha kinachoonekana kwenye vioo, kwa hiyo wote wapimwe saa zinazokaribiana.

Sehemu ya kwanza, ukaguzi kabla ya safari, dakika 15. Tegesha kasoro nne ambazo yeye hazijui: tairi moja la ndani lina upepo pungufu, taa moja ya breki imechomolewa, kiakisi kimoja hakipo, kizima moto kimepita tarehe. Breki na usukani usiviguse kabisa, na kasoro zote zirekebishwe kabla gari halijawashwa. Alama moja kwa kila kasoro aliyoiona, na moja zaidi akikagua tairi za ndani kwa kugonga badala ya kutazama tu za nje.

Sehemu ya pili, kufunga tela kwenye kichwa cha lori. Alama ziko kwenye mfuatano: amerudi nyuma taratibu, ameshuka kuangalia kama pini ya tela imeshika kwenye kichwa, amevuta mbele kidogo kujaribu, ndipo akaunganisha mabomba ya upepo na waya wa taa, na mwisho kabisa akakunja miguu ya tela. Anayekunja miguu kabla ya kujaribu kama pini imeshika hapati alama ya sehemu hii hata moja, maana hapo ndipo tela linapoanguka na mzigo.

Sehemu ya tatu, kurudisha nyuma kwenye nafasi iliyowekwa koni, upana wa gari jumlisha mita moja. Ruhusu kusonga mbele kujirekebisha mara mbili bila kukatwa. Akishuka mwenyewe kuangalia nyuma, mwongezee alama, usimpunguzie. Huyo ndiye unayemtaka bandarini. Mwisho mpe hati ya mzigo yenye kosa moja la idadi, aisome na kuilinganisha na mzigo.

Watathmini wawe wawili, fundi mkuu na dereva mwandamizi, kila mmoja na karatasi yake, wasisemezane hadi wamalize. Mkitofautiana zaidi ya alama mbili kwenye sehemu yoyote, maelezo ya alama hayaeleweki, yaandikeni upya kabla ya mwombaji anayefuata. Namba za kuangalia siku ya 90: wangapi bado wapo kazini, na matukio ya uharibifu kwa kila dereva mpya ukilinganisha na walioajiriwa kipindi kama hicho kabla ya jaribio.